Hukumu ya Kukodi Nguo za Harusi: Amana Iliyo Mwilini mwa Bwana Harusi na Wapambe Wake

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.

Mpunga ukishavunwa katika uwanda wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, harusi huanza kufuatana. Makwale ni kata ya wilaya ya Kyela, nchi ya mpunga, kakao, migomba na michikichi, ambako Waislamu ni wachache wanaoishi na majirani wengi Wakristo, na mara nyingi ukoo mmoja una watu wa dini zote mbili. Wamisionari wa Kijerumani, Wamoravian na wale wa Berlin, walifika katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na tangu zamani harusi za kanisani zimezoeza macho ya watu suti na shela. Leo kijana wa Kiislamu anayeoa hutarajiwa naye avae suti, au kanzu na joho, na wapambe wake wanne au sita wavae sare. Kununua vyote hivyo hawezi. Kwa hiyo huenda mjini kwenye maduka ya kukodisha, au huzunguka kwa ndugu na jamaa akiazima.

Hapo ndipo maswali yanapozaliwa. Je, inafaa kumlipa mtu kwa ajili ya nguo ya kuvaa siku moja? Je, si kujionyesha kwa kitu kisicho chako? Koti likichanika au likiibwa, nani alipe? Na je, ndoa isubiri mpaka fedha ya suti ipatikane? Maswali haya si ya Makwale peke yake, lakini katika kijiji chenye kipato kidogo jibu lake linaweza kumwokoa kijana na deni, au kumwokoa na dhuluma. Katika makala haya tutayapitia moja baada ya jingine, tukitegemea zaidi madhehebu ya Imam Shafi (r.a.), ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi wa Waislamu wa Afrika ya Mashariki, na kutaja kauli za wengine pale penye haja.

Nguo ya Bibi Aisha (r.a.)

Watu wengi hudhani kwamba nguo ya harusi isiyo ya mwenyewe ni jambo la zama hizi. Sivyo. Imam Bukhari (aliyefariki mwaka 256 Hijria) ameweka katika Sahihi yake mlango maalumu kuhusu kumuazimia bibi harusi wakati wa kuingia kwa mumewe. Ndani yake amepokea kwamba Bibi Aisha (r.a.), baada ya zama za Mtume (s.a.w.), alikuwa amevaa nguo ya kitambaa kizito cha qitr, thamani yake dirhamu tano. Akaeleza kuwa mjakazi wake sasa anaona haya kuivaa nguo kama hiyo hata ndani ya nyumba, hali ya kuwa katika zama za Mtume (s.a.w.) yeye alikuwa na nguo ya namna hiyo, na hapakuwa na mwanamke aliyekuwa akipambwa Madina ila alituma watu kwake kuiazima.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, nguo moja ilizunguka kwa maharusi wa mji mzima, na hakuna aliyeona kuwa ni fedheha. Pili, Bibi Aisha (r.a.) anaitaja nguo hiyo ili kuonyesha jinsi watu walivyogeuka: ile iliyokuwa pambo la harusi imekuwa haifai hata kwa kazi za nyumbani. Viwango vya mapambo hupanda haraka, na anayevifuata hafiki mwisho wake.

Bibi Aisha mwenyewe alikuwa safarini na Mtume (s.a.w.) akiwa na mkufu aliouazima kwa dada yake, Bibi Asma (r.a.). Mkufu ukapotea, na Mtume (s.a.w.) akatuma watu kuutafuta. Wakati wa swala ukawakuta hawana maji, na katika tukio hilo ikateremshwa hukumu ya tayamamu. Waislamu wote wanaijua tayamamu, lakini wachache hukumbuka kuwa msafara ulihangaikia pambo la kuazima. Kitu cha mtu hakidharauliwi kwa sababu ni kidogo.

Basi ikiwa kuazima nguo ya harusi kumethibiti, je, kukodi kwa malipo?

Ijara ya nguo na dalili zake

Ijara, kama walivyoieleza mafaqihi, ni mkataba wa kumilikisha manufaa yanayojulikana, yaliyo halali, kwa malipo yanayojulikana. Anayekodi hanunui koti. Ananunua kulivaa kwa muda. Koti lenyewe linabaki mali ya mwenyewe. Qur'ani imetaja ijara katika kisa cha Nabii Musa (a.s.) na mzee wa Madyan katika Sura ya Al-Qasas, na katika Sura ya At-Talaq kuhusu ujira wa mama anayenyonyesha. Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walimkodi mtu wa kuwaongoza njia katika Hijra, na mtu huyo hakuwa Muislamu. Kutokana na hilo tunapata pia kwamba Muislamu wa Makwale anayekodi suti katika duka la Mkristo hana tatizo lolote, maadamu mkataba ni safi.

Hapa pana nukta ambayo wanafunzi wa elimu watapenda kuijua. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ametaja katika Minhaj kwamba manufaa yanayokodiwa sharti yawe na thamani, na kwamba kwa kauli sahihi zaidi haifai kukodi dirhamu na dinari kwa ajili ya kujipambia. Mtu anaweza kusema: na suti ya harusi nayo si ya kujipambia tu? Jawabu ni kuwa fedha haikuwekwa kwa ajili ya pambo. Manufaa yake ya asili ni kutumiwa katika kununua na kuuza, na pambo ni jambo la pembeni lisilohesabiwa. Ama nguo, kuvaliwa na kupamba ndiyo kazi yake. Kwa hiyo kukodi nguo ni sahihi, na mafaqihi wameizungumzia ijara ya nguo kwa uwazi, hata wakasema kwamba aliyekodi nguo ya kuvaa aivue anapolala usiku, kwa sababu ada ya watu si kulala na nguo za namna hiyo.

Je, si nguo mbili za uongo?

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Asma binti Abubakar (r.a.) kwamba mwanamke mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama ana kosa akijionyesha mbele ya mke mwenziwe kuwa mumewe amempa kitu ambacho hakumpa. Mtume (s.a.w.) akamfananisha mwenye kujitapa kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Baadhi ya ndugu huichukua hadithi hii na kusema: aliyevaa suti ya kukodi ndiye huyo hasa.

Hoja hii si ya kupuuzwa, lakini ikitazamwa vizuri haifiki huko. Kinacholaumiwa katika hadithi ni udanganyifu, yaani kumfanya mtu aamini jambo lisilokuwepo ili kumuumiza au kupata kitu kwake. Ama nguo ya harusi ya kukodi, kila aliyepo harusini anajua ada ya watu, na hakuna anayetoka pale akiamini kuwa wapambe sita wamenunua suti sita. Na linalotia nuru zaidi ni kwamba Bibi Asma aliyeipokea hadithi hii ndiye yule yule aliyemuazima dada yake mkufu wa kujipambia. Lau kuvaa pambo la mwingine kungekuwa uongo kwa dhati yake, asingelitenda.

Hata hivyo, hadithi inabaki kuwa onyo kwa anayevuka mpaka. Kijana anayeenda kuposa akiwa amekodi saa na gari ili walii wa binti adhani kuwa ni mtu mwenye mali, huyo anadanganya katika mlango mzito kuliko biashara yoyote. Tofauti ni hii: siku ya harusi nguo ni furaha; siku ya posa nguo inaweza kuwa ushahidi wa uongo.

Suti, kanzu au joho?

Wapo wanaosema kwamba suti ni kujifananisha na wasiokuwa Waislamu, na kwamba bwana harusi lazima avae kanzu na joho. Kanzu ni vazi zuri na tunalipenda, lakini hukumu haijengwi kwa mapenzi. Katika Sahihi Bukhari na Muslim imethibiti kutoka kwa Mughira bin Shu'ba (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alivaa safarini juba la Sham, na Sham wakati huo ilikuwa chini ya Warumi. Mikono ya juba hilo ilikuwa imebana kiasi kwamba alipotaka kutawadha ilibidi aitoe mikono yake kwa chini.

Na hilo joho lenyewe lina historia. Neno hili latokana na neno la Kiarabu jukh, yaani kitambaa kizito cha sufi. Mwanahistoria Al-Maqrizi (aliyefariki mwaka 845 Hijria) ameeleza soko la wauzaji wa kitambaa hicho mjini Cairo, kilicholetwa kutoka nchi za Wafaranji, na kwamba zamani watu wenye hadhi walikuwa hawakivai kama vazi la kawaida mpaka mambo yalipobadilika. Leo mtu wa pwani akiona joho anaona Uislamu mtupu. Vazi huanza kwa watu fulani, kisha likaenea, likawa la wote. Sheikh Muhammad Abduh, alipokuwa Mufti wa Misri, aliulizwa mwaka 1903 na Waislamu wa Transvaal, kusini mwa Afrika, kuhusu kuvaa kofia za Kizungu. Akajibu kuwa kuvaa tu, bila nia ya kutoka katika Uislamu, hakumtoi mtu katika dini, na kukiwa na haja kama ya kujikinga na jua hakuna karaha.

Kwa hiyo suti, ambayo leo haina alama ya dini yoyote, ni halali kwa masharti ambayo pia yanahusu kanzu na joho:

1. Isiwe ya hariri halisi, wala asivae dhahabu, kwa kuwa vyote viwili ni haramu kwa wanaume. Tai ya hariri halisi na pete ya dhahabu vinaingia hapa. Ama kitambaa kinachong'aa ambacho watu hukiita hariri lakini kimetengenezwa kiwandani bila ya nondo wa hariri, hicho si hariri ya kisheria. Vivyo hivyo nyuzi zenye rangi ya dhahabu tu si dhahabu. Pambo dogo la hariri kwenye ukingo, lisilozidi upana wa vidole vinne, limeruhusiwa katika hadithi ya Umar (r.a.) iliyo katika Sahihi Muslim.

2. Isitiri uchi. Suruali inayoshuka mgongoni mtu anaporukuu inaharibu swala, hata kama inapendeza katika picha.

3. Isimzuie kuswali. Tumeona Mtume (s.a.w.) alivyoitoa mikono yake katika juba lililobana ili atawadhe. Bwana harusi anayeiacha Alasiri kwa kuogopa kukunja suti amekodi nguo na kuuza swala.

Ama twahara yake, asili ya kila nguo ni kuwa safi mpaka ithibitike najisi. Kuvaliwa jana na mtu mwingine, Muislamu au asiye Muislamu, hakuitii najisi, na jasho la binadamu ni twahara.

Namna ya kufunga mkataba

Makosa mengi hutokea dukani kabla nguo haijavaliwa. Mambo yanayotakiwa kujulikana ni matatu: nguo ipi, kwa muda gani, na kwa malipo kiasi gani. Kusema "nitakupa suti nzuri, tutaelewana bei" ni mlango wa ugomvi.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni kuiwekea nafasi nguo mapema. Kijana huenda dukani mwezi mmoja kabla, akachagua koti lile pale, akakubaliana kulichukua Ijumaa ya harusi. Katika madhehebu ya Shafi haisihi kukodisha kitu maalumu kwa manufaa ya wakati ujao usioanzia kwenye mkataba. Hanafi, Maliki na Hanbali wanaijuzisha. Basi mwenye kushika madhehebu ya Shafi ana njia mbili nyepesi. Ya kwanza ni kuyafanya makubaliano ya mwanzo kuwa ahadi tu, na mkataba wenyewe ufungwe siku ya kuchukua nguo. Ya pili ni kukodi suti inayoelezwa kwa sifa zake, iwe katika dhima ya mwenye duka, si koti lile pale, na malipo yote yatolewe katika kikao hicho hicho.

Hapa linakuja suala la arabuni. Neno hili tunalitumia kila siku katika Kiswahili, na wengi hawajui kuwa ni neno la fiqhi. Arabuni ni fedha inayotangulizwa kwa sharti kwamba mkataba ukiendelea itahesabiwa katika malipo, na mteja akighairi haimrudii. Jamhuri ya wanachuoni, wakiwemo Shafi, wanaikataa kwa kuwa mwenye duka anachukua mali bila badala. Wanachuoni wa Hanbali wanaijuzisha. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nane kilichofanyika Brunei mwaka 1993, lilipitisha kuwa arabuni inafaa ikiwa muda wa kungoja umewekewa mpaka, na kwamba ijara inafuata hukumu ya mauzo, kwani nayo ni mauzo ya manufaa. Anayeichukua kauli hii asiiache sharti yake: muda utajwe. Na mwenye duka akirudisha arabuni kwa kijana aliyefiwa na mzazi, amefanya jambo lililo bora kuliko haki yake.

Mkataba ukishafungwa na ukasihi, unawafunga wote wawili. Harusi ikiahirishwa kwa msiba, au mto ukijaa na njia ikakatika kama inavyotokea Kyela katika mvua za masika, kwa Shafi udhuru wa mkodi hauvunji ijara wala kumwondolea malipo. Hanafi wanaruhusu kuvunja kwa udhuru. Lakini nguo yenyewe ikiharibika kabla ya kutumika, mkataba huvunjika, na mteja hurudishiwa malipo yake.

Nani alipe ikiharibika?

Hili ndilo suala linalozaa uadui, na ndipo watu wengi wanapohukumu kwa dhana. Hudhani kuwa kilichokodiwa kwa fedha ndicho hulipwa kikipotea, na kilichoazimwa kwa ndugu ni cha kusameheana. Fiqhi ya Shafi imesema kinyume chake.

Nguo iliyokodiwa ni amana mkononi mwa mkodi. Ikiharibika, ikiungua au ikiibwa bila ya yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, halipi kitu, kwa sababu aliishika kwa ruhusa na ametoa malipo ya manufaa yake.

Nguo iliyoazimwa, ambayo kisheria huitwa aria, iko katika dhamana ya aliyeazima. Ikipotea, hata bila uzembe, analipa. Dalili yao ni kisa cha Safwan bin Umayya katika vita vya Hunain, mwaka wa 8 Hijria. Mtume (s.a.w.) alimuazima deraya zake, na Safwan, ambaye hakuwa amesilimu bado, akauliza kama ananyang'anywa. Mtume (s.a.w.) akamhakikishia kuwa ni aria yenye dhamana. Kinachosamehewa katika aria ni kuchakaa kunakotokana na matumizi yenyewe yaliyoruhusiwa. Hanafi wanaona kuwa aria nayo ni amana, lakini kauli ya Shafi ndiyo tunayosomeshwa huku kwetu, na ni vema anayeazima kanzu ya ami yake aijue kabla hajaichukua.

Tuchukue mifano.

Bwana harusi amekodi suti, zikafungwa vizuri nyuma ya bodaboda, na pikipiki ikateleza kwenye tope bila ya uzembe wa yeyote, koti likachanika. Halipi. Lakini ikiwa wenyeji walimwonya kuwa mto umejaa naye akashikilia kuvuka, analipa, kwa kuwa amezembea.

Kifungo kimelegea, jasho limeingia kwenye kola, vumbi la barabara limeshika suruali. Haya ni matumizi ya kawaida, na hakuna malipo. Lakini akilala nalo, au akalifua koti la sufi kwa sabuni na maji ya moto likasinyaa, analipa upungufu wa thamani yake.

Mpambe mwembamba amevua koti na kumpa rafiki yake mnene, mshono ukapasuka. Manufaa ya kukodi yanaweza kutumiwa na mtu mwingine anayelingana na mkodi, si anayeidhuru nguo zaidi. Hapa kuna kuvuka mpaka.

Na wapambe je? Aliyefunga mkataba ni bwana harusi. Wao wamevaa kwa ruhusa yake bila kulipa. Imam Nawawi ametaja kuwa mwenye kuazima kutoka kwa mkodi, kwa kauli sahihi zaidi, hana dhamana, kwa sababu anasimama mahali pa mkodi, na mkodi ni mwenye amana. Basi mpambe aliyeibiwa koti bila uzembe asidaiwe, si na duka wala na bwana harusi. Lakini aliyezembea hujibeba mwenyewe.

Ikitokea mabishano, mkodi anaposema kuwa nguo imeharibika bila kosa lake, kauli yake inakubaliwa pamoja na kiapo. Lakini akidai kuwa ameshairudisha na mwenye duka akakana, hapo kwa Shafi hasadikiwi ila kwa ushahidi. Kwa hiyo anayerudisha nguo achukue risiti au awe na shahidi. Allah (s.w.) ametuamrisha kuandika madeni katika aya ndefu kuliko zote za Qur'ani, ile ya Sura ya Al-Baqara, nasi tunaona uzito kuandika mistari miwili!

Masharti ya dukani

Duka likiandika kwamba mteja atalipa nguo kwa hali yoyote, hata bila kosa lake, sharti hilo kwa jamhuri ya wanachuoni halisihi, kwa kuwa linageuza amana kuwa dhamana na kwenda kinyume na maumbile ya ijara. Mwenye duka anayeogopa hasara ana haki ya kupanga ujira unaomtosha, kukagua nguo pamoja na mteja wakati wa kutoa na wakati wa kupokea, na kuandika kuwa uzembe utalipwa. Hana haki ya kumbebesha kijana gharama ya mwizi.

Ama kuchelewesha, siku za ziada za kuitumia nguo zina ujira wake, ule waliokubaliana au ujira wa mfano. Huo ni malipo ya manufaa, na si riba. Riba ni pale ujira uliokwisha kuwa deni unapoongezwa kwa sababu tu umecheleweshwa. Mtu asichanganye mambo haya mawili.

Na upande wa pili, kijana anayerudisha koti lenye doa akiwa amelikunja kwa ndani ili lisionekane, ajue kwamba siku ya kwanza ya ndoa yake ameianza kwa khiyana. Hata pale ambapo sheria haimlazimishi kulipa, kumweleza mwenye mali ukweli ni wajibu, na kumfuta machozi kwa kiasi anachoweza ni ihsani.

Ndoa isingoje suti

Nguzo za ndoa kwa Shafi ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko. Hakuna ya sita inayoitwa sare. Katika hadithi ya Sahl bin Sa'd (r.a.), ambayo Bukhari na Muslim wameipokea, mtu mmoja alitaka kuoa na hakuwa na mali yoyote isipokuwa shuka aliyoivaa. Akataka aitoe hiyo kuwa mahari. Mtume (s.a.w.) akamkumbusha kuwa shuka ni moja: akiivaa yeye, mke hana kitu, akiivaa mke, yeye hana kitu. Akamtuma atafute hata pete ya chuma, akakosa. Basi akamuozesha kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Huyo ndiye bwana harusi mwenye vazi moja tu duniani, na ndoa yake ilifungwa mbele ya Mtume (s.a.w.) bila kuambiwa akatafute nguo nyingine.

Kwa hiyo kamati ya harusi inayosema kuwa nikaha isogezwe mbele kwa sababu mchango wa suti haujatimia imeugeuza mpango. Vijana wawili waliokubaliana, walii ameridhi na mahari ipo, wanacheleweshwa katika halali kwa sababu ya koti la siku moja. Maimamu walisemee hili kwenye hotuba bila kuona haya. Na kijana asifunge mkataba wa suti saba kwa kutegemea michango iliyoahidiwa. Anayedaiwa na duka ni yeye aliyefunga mkataba, wala si waliosema watachanga.

Njia iliyo bora

Sura ya Al-Ma'un imewalaumu wanaozuia vitu vidogo vya kusaidiana, na Ibn Mas'ud (r.a.) ameifasiri kwa vyombo kama chungu na ndoo ambavyo watu huazimana. Kanzu ya harusi iliyolala sandukuni mwaka mzima haiko mbali na maana hiyo.

Ibn Battuta, alipofika Damascus mwaka 726 Hijria (1326), aliona wakfu za aina nyingi, miongoni mwake ukiwemo wakfu wa kuwaandalia mabinti mahitaji ya kwenda kwa waume zao pale jamaa zao wasipoweza. Miaka michache baadaye, mwaka 1331, alifika Kilwa katika pwani yetu, akamkuta Sultani aliyeitwa Abu'l-Mawahib kwa ukarimu wake. Anasimulia kuwa fakiri mmoja alimwomba Sultani nguo zile zile alizozivaa, wakati akitoka swala ya Ijumaa, naye akazivua na kumpa.

Hatutaki maimamu wetu wafike huko kwa siku moja. Lakini msikiti wa kijiji, hata wenye waumini wachache kama wa Makwale, unaweza kuwa na kanzu nne za vipimo tofauti, joho moja na koti mbili, ziwe wakfu kwa maharusi wa Kiislamu wasio na uwezo. Wakfu wa nguo unasihi kwa Shafi, kwa sababu ni kitu kinachotumika na kubaki. Awekwe mtu mmoja mwaminifu wa kuzitunza, kuwe na daftari la kutoa na kupokea, na masharti ya mtoa wakfu yaandikwe, ikiwemo nani atalipa uzembe ukitokea. Watu wanaojaliwa mavuno mazuri ya mpunga au kakao wana hapa mlango wa sadaka inayoendelea, ambayo thawabu yake inavaliwa kila harusi.

Kwa muhtasari: kukodi nguo za harusi ni halali, nguo iliyokodiwa ni amana na iliyoazimwa ina dhamana, mkataba uwe wazi na uandikwe, swala isiachwe kwa ajili ya koti, na nikaha isicheleweshwe kwa ajili ya pambo. Tunamuomba Allah (s.w.) awabariki maharusi wetu, awajaalie mapenzi na huruma, na atuepushe sote na deni na khiyana.

Wallahu aalam.